Mwenye Mapango

Mwandiko wangu ni mzuri. Nalisema hili mwanzo kwa sababu ndilo jambo pekee ninalosifiwa, na ndilo lililoniponza. Mbele za watu sauti hunikauka. Darasani mwalimu akiniuliza swali ninalolijua, natazama dawati mpaka achoke amwendee mwingine. Lakini nipe karatasi na kalamu. Tangu nilipokuwa darasa la saba, wanawake wa mtaani kwetu hapa Msambweni huniletea fomu zao niwajazie, za basari ya watoto, za kliniki, za chama. Wao hukaa barazani na bibi wakinywa chai, mimi najaza kimya kimya. Jirani yetu mmoja, mama mwenye mwili na maneno mengi, alinibandika jina la Karani, na sasa hata watoto wadogo huniita hivyo.

Bibi yangu ana mapango manne ya pweza.

Yapo mwambani, mbali kidogo, mahali ambapo maji ya bamvua yakishapwa unaweza kutembea karibu nusu saa kabla hujafikia mawimbi. Si makubwa. Jingine ni tundu tu linalomeza mkono wangu mpaka kwenye kiwiko. Mgeni akipita hapo haoni kitu isipokuwa mawe na majani ya bahari. Lakini kila pango lina mwenyewe, na mwenyewe ni mwanamke. Aliachiwa na mama yake, ambaye naye aliachiwa na mama yake. Ukimtoa pweza kwenye pango la mwenzio, tuseme mwenzio anaumwa, unampelekea mikono miwili ya pweza huyo. Hakuna anayekufuata kuidai. Usipopeleka hutaambiwa neno, ila siku utakapokuwa na shughuli nyumbani utakuna nazi zako peke yako.

Mapango ya bibi yana majina. Kuna Jiko, lenye mawe matatu mlangoni. Kuna Harusi, ambamo mama yake bibi alimtoa pweza mkubwa siku yake ya kuolewa. Aliponyoka nyumbani na hina mikononi, wakamkuta mwambani amelowa mpaka kiunoni, anacheka. Kuna Mkaidi, ambamo pweza hung'ang'ania mawe. Na kuna Kiziwi. Kiziwi unamgongea, unamgongea tena, unakaribia kuondoka, ndipo anatoa ncha ya mkono mmoja kuuliza kuna nini. Bibi husema tumefanana, mimi na Kiziwi.

Macho ya bibi yameingia ukungu. Jicho moja lilifanyiwa upasuaji, la pili bado tunangoja. Kwa hiyo miaka miwili hii anakwenda mwambani ameshika bega langu. Anahesabu hatua kwa sauti ya chini, anakanyaga jiwe lenye ukingo kama mdomo wa chungu, anageuza uso mpaka upepo wa kaskazi umpige sikio la kushoto, kisha anasema, "Hapa." Na kweli ni hapo. Mimi mwenye macho yangu mawili mazima nilikuwa nimeshapapita.

Mapango yangekwenda kwa mama yangu, lakini mama hataki hata kusikia. Anafanya kazi hotelini Diani, anatandika vitanda na kukunja taulo ziwe kama ndege. Husema alikula pweza utotoni mpaka akadhani naye ataota mikono minane, na kwa kazi yake ya sasa labda ingemfaa. Baba yangu anaishi Likoni na mke mwingine, na hatuna ugomvi. Mwanamume wa nyumba yetu, kama ni lazima awepo, ni mjomba, kaka yake mama, anayeendesha bodaboda kule Lunga Lunga na kuja kutuona kila mwisho wa mwezi. Fomu za shule zikiuliza jina la mzazi au mlezi, mimi huandika jina la mjomba. Nimeliandika mara nyingi mno, mkono wangu unalijua kuliko jina langu.

Ndipo kikundi cha wavuvi cha ufuo wetu kilipoamua kufunga mwamba kwa miezi minne ili pweza wakue. Wanawake hawakupinga. Bibi aliposikia alicheka tu.

"Hilo jipya?" akasema. "Bibi yangu na wenzake walikuwa wakiupumzisha mwamba. Wakisema mwezi huu hatuingii, haingii mtu, hata mume wa mtu."

"Walikuwa na mkutano?" nikauliza.

"Mkutano ulikuwa kisimani, mjukuu wangu. Ndoo ikijaa, neno limepita."

Hofu ya wanawake ilikuwa nyingine. Siku hizi wanakuja vijana wenye miwani ya kuzamia, wengine kutoka Vanga, wengine wa hapa hapa, na wao hawajui Jiko wala Harusi. Wanaona tundu wanachomeka chuma. Wanawake wakaomba kwamba mapango yaandikwe, ili mwamba ukifunguliwa kila mmoja arudi kwenye lake na mtu asimsukume. Mwenyekiti akakubali. Fomu zikaletwa. Na fomu zikiletwa huku kwetu, huja kwangu.

Nilijaza kumi na moja alasiri ile, jikoni, juu ya sinia lililopinduliwa. Mstari wa kwanza uliuliza mkuu wa familia. Mstari wa pili, idadi ya mapango. Wa tatu, mrithi, na huo niliuruka kwa sababu hakuna aliyetaka kuongea habari za kufa wakati chai inaiva. Mstari wa kwanza sikumuuliza mtu. Niliwajua wote, nikaandika. Huyu mumewe, yule mumewe, wajane nikawaandikia wana wao wakubwa. Ya bibi nikamwandikia mjomba. Wakaja mmoja mmoja wakatia dole gumba au sahihi, wakanisifia mwandiko. Jirani yetu akasema, "Karani, herufi zako zimelala kama mikeka." Nilifurahi siku nzima. Naandika ukweli, nilifurahi.

Jumatano tukaitwa bandani, pale wanapopokelea samaki, orodha isomwe. Katibu wa kikundi ni dada mmoja anayefundisha chekechea, ana sauti ya kusikika. Alianza kusoma. Jina la kwanza lilikuwa la mume wa jirani yetu, mapango matatu.

Wanawake wakatazamana. Kisha jirani yetu akauliza, "Nani?"

Katibu akarudia.

"Yule?" akasema jirani. "Yule hata pweza wa kwenye sahani anamtazama kwa wasiwasi."

Wanawake wakaangua kicheko. Jina la pili likaja, na la tatu, na kila jina kicheko kilizidi. Mmoja alisema mume wake ni mpishi Nairobi na bahari anaiona Idi hadi Idi. Mjane mmoja alisema mwanawe aliyetajwa anatapika akipanda feri ya Likoni. Wanaume waliokuwepo wakacheka pia, wakipigana vikumbo. Likaja jina la mjomba, mapango manne, na mtu mmoja nyuma akasema, "Atayaendea na pikipiki?"

Mimi nilikuwa natafuta mahali pa kuficha uso. Mwanzo nilidhani wananicheka kwa upendo. Halafu nikageuka kumtazama bibi. Yeye hakuwa anacheka. Mikono aliilaza mapajani, viganja juu, kama mtu aliyemaliza dua.

Mwenyekiti, mzee mmoja mpole aliyekuwa baharia, akasema hakuna ubaya, mume na mke ni kitu kimoja, jina ni jina tu. Ila akaongeza kwamba mwamba ukifunguliwa, aliyeandikwa ndiye atakayekuja na kitambulisho chake kutia sahihi, na asipokuja pango litahesabiwa halina mtu. Orodha itapelekwa ofisini Kwale Jumatatu. Mwenye neno aje nalo Jumamosi, hapo hapo, mbele ya watu, aseme kwa kinywa chake, maana karatasi za kuletwa kichinichini ndizo zinazoleta magomvi.

Njiani bibi alishika bega langu kama kawaida.

Alasiri alikaa kwenye mbuzi akakuna nazi. Hilo halihitaji macho. Mimi nilikuwa namenya muhogo. Akaanza tu, kana kwamba tulikuwa tumeshaanza zamani.

"Mama yangu alikuwa na shamba, huko juu. Alipewa na mama yake. Siku hizo ukiulizwa wewe ni wa wapi, unataja fuko la mama yako, ukoo wa upande wake, unyamaze, watu wameshakujua. Mama alilima mpunga wake, na baba alilima kwake kwa dada zake. Walipendana sana, usidhani hawakupendana. Alikuja jioni na samaki."

Akageuza kifuu.

"Nilikuwa mdogo, meno ya mbele yameng'oka. Akaja mtu wa serikali ya Mzungu na kitabu cha kodi ya nyumba. Mzungu mwenyewe alikaa kwenye kiti chini ya mwavuli, hakuuliza kitu. Aliyekuwa akiandika ni kijana wa hapa hapa, mtoto wa watu, amesoma. Mpole. Mama alimpa maji ya kunywa, akapokea kwa mikono miwili. Akauliza, nyumba hii na hilo shamba mwenyewe nani? Mama akasema, mimi. Akatabasamu, kwa adabu, akaandika jina la baba."

"Mama yako hakusema kitu?"

"Alisema. Akaambiwa kitabu kina mstari mmoja tu." Akaendelea kukuna. "Miaka mingi baadaye wakaja wapimaji na minyororo yao. Wakauliza, kitabuni liko jina gani? Baba alikuwa ameshakufa. Wakaja watu wa upande wake, watoto wa ndugu zake, wakachukua. Hata lile fungu ambalo dini inampa mwanamke, mama hakupewa kama inavyotakiwa. Akabaki na bahari. Bahari hakuna aliyeiandika."

Nilikuwa nimeacha kumenya. Nikauliza yule kijana alikwenda wapi.

"Alizeeka, akafa. Alikuwa mtu mwema. Alinifundisha kuandika herufi ya kwanza ya jina langu, kwenye mchanga, kwa kijiti." Akasukuma sinia la nazi upande wangu. "Mwandiko wake ulikuwa mzuri. Watu wote walisema."

Hakuniambia zaidi ya hapo. Angenigombeza ningelia mbele yake yakaisha. Nilikwenda chooni nikafunga mlango, nikalia na leso mdomoni, kuku wakipitapita nje.

Mama aliporudi kutoka kazini, jua likiwa bado halijazama, nilimwekea maji ya chumvi kwenye beseni aloweke miguu. Nikamweleza. Alikuwa bado amevaa beji ya hotelini, yenye jina lake la kwanza tu, kama mtoto asiye na kwao. Akaivua akaigeuzageuza.

"Basi kaseme," akasema.

"Mama, siwezi."

"Najua huwezi. Hata kununua vocha pale Kona ya Musa huwa unanisukuma mimi mbele. Kaseme hivyo hivyo usivyoweza."

"Si ukaseme wewe?"

"Jumamosi nina zamu. Na mkono ulioandika si wangu." Akaniambia nimsugue kisigino, pale panapouma, nikamsugua. Baada ya muda akasema, akitazama maji, "Mimi niliyakataa mapango ya mama yangu. Niliona ni umaskini. Wewe ulipoanza kumpeleka mwambani nilishukuru, sikukwambia tu."

Tukampigia mjomba. Alicheka mpaka tukasikia abiria wake naye akicheka. "Nitoeni haraka," akasema. "Bahari ikisikia nina mapango itakuja kunitafuta huku Lunga Lunga. Mpwa wangu, hebu niondoe." Kisha, kwa sauti nyingine, akauliza, "Mama amekasirika?" Nikamwambia hapana. "Afadhali angekasirika," akasema.

Siku mbili niliandika nitakachosema. Niliandika ukurasa mzima, nikauweka mafungu, nikapigia mistari. Jumamosi asubuhi niliusoma mara tatu kabla ya kutoka. Bibi alivaa leso mpya, ile tuliyomnunulia Idi, akajipaka mafuta miguuni kana kwamba tunakwenda harusini.

Bandani kulikuwa kumejaa kuliko Jumatano. Nadhani walikuja kucheka tena. Niliwaamkia wazee, shikamooni, wakaitikia marahaba, na hiyo tayari ilinimaliza nusu ya pumzi. Mwenyekiti akauliza nani ana neno. Nikasimama. Nikafungua karatasi yangu, na karatasi ikatetemeka hivi kwamba kila mtu aliisikia.

Bibi, aliyekuwa ameketi mbele yangu, akainua mkono akapapasa mpaka akaipata. Akaikunja taratibu, akaitia kwenye leso yake.

"Kuandika umeshaandika," akasema. "Sema."

Sikumbuki nilianzaje. Nakumbuka mwenyekiti akisema, "Binti, paza kidogo, sikio langu moja lilibaki melini," na watu wakacheka, na kicheko kile kikanipa nafasi ya kumeza mate.

Nikasema nilikosea. Nikasema sikumuuliza hata mama mmoja, nilijaza kwa mazoea. Nikasema mjomba wangu hajui mapango yalipo, na kwamba mimi mwenyewe nimekwenda mwambani miaka miwili na bado nayapita. Nikasema mwenye mapango ni bibi, na kabla yake mama yake, na kabla ya huyo mama wa mama yake. Nikawataja. Majina matano ya wanawake, mmoja baada ya mwingine, kama bibi alivyokuwa akiyataja tukitembea majini. Hapa sitayaandika kwa sababu sijaomba ruhusa, na nimejifunza kuomba.

Kijana mmoja wa miwani, mtu wa hapa kwetu, akasema si kwa ubaya, lakini mapango hayo hata yeye anayajua.

"Unayajua," bibi akasema bila kugeuka. "Ulikuwa unanibebea ndoo mpaka Mkaidi, ukiwa huna hata kaptura. Ulilia pweza alipokushika kidole. Nilikunyamazisha na muwa."

Wenzake wakamkumbatia shingo wakimtikisa. Alicheka, akainamisha kichwa, akasema, "Haya, bibi, nimeshindwa."

Mwenyekiti akakuna kidevu. "Lakini fomu inauliza mkuu wa familia," akasema. Hakuwa anabisha. Alikuwa kweli hajui afanyeje, kama mimi siku ile jikoni.

Na hapa sijui ni nani aliyesema kwa kinywa changu. "Fomu haijui cha kuuliza," nikasema. "Ingeuliza ni mkono wa nani unaoingia mle ndani."

Jirani yetu akasimama. Nilidhani atanitania. Akainua mkono wake wa kulia, mnene, wenye alama nyeupe za mawe kwenye vifundo, akautazama kama mtu anayeutazama mara ya kwanza. "Huu," akasema. Akataja jina lake kamili, na jina la mama yake. Akakaa. Mwingine akasimama, akataja lake. Hawakucheka. Yule ambaye mume wake ni mpishi alilisahau jina la bibi yake, akaanza kulia, mwenzake akamkumbusha.

Katibu alichukua rula, akakata maneno ya mstari wa kwanza kwenye kila fomu, akaandika juu yake: mwenye pango. Akaandika upya yote kumi na moja. Alipofika kwa bibi akauliza, "Na mrithi, bibi? Nafasi imeachwa wazi."

Bibi akataja jina langu.

Mimi nimepewa jina la mama yake bibi, yule aliyeponyoka na hina. Ndivyo tunavyopeana majina kwetu, wanaokuja wanabeba ya waliotangulia, na nimelizoea kiasi kwamba huwa sifikirii. Mtu hunionea huruma tu akisikia, ni jina la kizee, wenzangu shuleni wana majina ya kwenye televisheni. Lakini bibi alipolitaja pale bandani, polepole, akilikamilisha, niliona amekaza midomo, na nikaelewa kwamba haniiti mimi peke yangu.

Katibu akanipa kalamu. "Andika wewe, Karani," akasema.

Nikaandika. Sikulilaza vizuri, na herufi ya mwisho ilipanda juu ya mstari. Nikamsomea bibi. Akauliza limeandikwa wapi, nikamshika kidole chake cha shahada nikakiweka juu yake. Akakipitisha mwanzo hadi mwisho, wino ukiwa haujakauka, akapaka kidogo herufi mbili.

"Umeliharibu, bibi," nikamwambia kwa sauti ya chini.

"Linasomeka?"

"Linasomeka."

Mwamba ulikuwa ufungwe wiki ileile, na maji yalikuwa yanapwa. Tulipotoka bandani bibi hakugeukia nyumbani. Alikunja leso yake mpya mpaka magotini, akavua ndara akanipa nizibebe, akashika bega langu. Nikamuuliza kama tunakwenda kuchukua chochote. Akasema hapana, leo ni kumuaga tu Kiziwi kwamba hatutaonana kwa miezi minne. Kisha akaniambia nitangulie mimi, nihesabu mimi, kwa sauti, asikie.